Alama Kumi za Mwalimu Mayaka

Homa Bay
Jumatatu, 4 Machi 2024

Mwalimu Mayaka,

Shikamoo. Ni mimi Robi Marwa wa Kidato cha Nne mwaka jana, yule wa kiti cha dirishani. Naandika kwa karatasi kwa sababu nilikupigia simu Jumatano na mara tatu ukaniambia hutaki kununua mbuzi. Nilikuwa nasema nataka kuingia chuo.

Niko Homa Bay kwa dada Susana, binti wa mama mkubwa, anayefanya usafi hospitalini. Nimekuja kufuatilia nafasi yangu ya diploma ya maabara pale Chuo cha Maabara. Mambo yako hivi. Nafasi ni thelathini. Ishirini na nane zimechukuliwa na waliopata C+ kwenda juu katika mtihani wa kitaifa. Zimebaki mbili, na sisi wenye C kavu tuko kumi. Sasa kamati imesema itaangalia ripoti zetu za shule za miaka yote minne. Anayetaka nafasi lazima awe na wastani wa sitini katika Kemia na Bayolojia.

Mimi nina hamsini na sita.

Mwalimu, silalamiki. Masomo hayo mawili umenifundisha wewe tangu Kidato cha Kwanza, na shule nzima tulijua kwa alama wewe ni mkono wa birika. Hiyo hamsini na sita ndiyo ilikuwa ya kwanza darasani, mbele ya watu arobaini. Lakini kamati haiangalii namba ya mtu darasani, inaangalia alama. Na C yangu unajua ilikotoka. Ile karatasi ya vitendo ilinimaliza. Shule ina bureti mbili tu za kupimia kemikali na tulikuwa arobaini na mmoja. Siku ya mtihani nilikuwa naishika bureti mara ya tatu maishani.

Naomba uniandikie barua kwa kamati. Sitaki uongeze alama hata moja, najua huwezi. Sema tu kwamba mimi ni mtu wa kusoma. Nikikosa hapa, nyumbani hakuna mpango mwingine.

Mwanafunzi wako,
Robi Marwa


Chuo cha Maabara, Homa Bay
Jumatano, 6 Machi 2024

Kwa Mwalimu Mayaka,
Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Kiribanga, Migori

Salaam Mwalimu,

Mimi ni Sainab Farah, msajili wa wanafunzi hapa chuoni. Nina faili ya msichana wako Robi Marwa mezani. Naomba uthibitishe kwa sahihi na muhuri kwamba alama zake za Kemia na Bayolojia ndizo hizi zilizo kwenye ripoti, wastani 56. Kamati itakaa Ijumaa tarehe 22.

Hilo ndilo la ofisi. Hili ni langu mwenyewe. Nina daftari ambalo nimeliandika kwa miaka sita, hakuna aliyenituma. Kila mwanafunzi anapoingia naandika alama alizopata shuleni na alizopata kwenye mtihani wa taifa. Anapomaliza naandika alizopata kwetu. Nilitaka kujua ni nani hasa anayefika mwisho. Jibu lilinishangaza: mtihani wa taifa unaniambia kidogo, zile ripoti za miaka minne zinaniambia zaidi. Mtu aliyesoma vizuri kila muhula, hata kama siku ile moja ilimwendea vibaya, huyo kwa kawaida anamaliza. Ndiyo maana niliisukuma kamati iangalie ripoti, na walikubali kwa shingo upande.

Ila shule yako inanichanganya. Tutaongea siku nyingine.

Wako,
Sainab Farah


Kiribanga, Migori
Jumapili, 10 Machi 2024

Bi. Sainab Farah,

Nimepokea barua yako. Najibu kwa mpangilio.

Kwanza, usinipigie simu. Sikio la kulia limekufa na la kushoto linachagua la kusikia.

Pili, alama za Robi Marwa ni kama zilivyo kwenye ripoti. Nimeweka sahihi na muhuri. Katika miaka ishirini na sita ya kushika chaki sijawahi kumwongezea mwanafunzi alama asiyostahili, na sitaanza sasa nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Tatu, msichana huyu ni mtu wa kusoma. Hakukosa shule hata siku ambazo mto ulijaa. Alizunguka kwa daraja la juu akafika amelowa hadi magotini, daftari likiwa kavu.

Kuhusu shule yangu kukuchanganya, sijui unamaanisha nini.

Wako katika kazi,
Mayaka


Kiribanga, Migori
Jumapili, 10 Machi 2024

Robi,

Barua imeenda. Nimesema unasoma, na ni kweli. Kuhusu alama, mwachie msajili kazi yake. Kula vizuri. Msaidie Susana nyumbani, usiwe mgeni wa kukaa tu.

Ulikosea mahali pawili kwenye barua yako lakini nimekusamehe.

Mwalimu wako,
Mayaka


Chuo cha Maabara, Homa Bay
Ijumaa, 15 Machi 2024

Mwalimu Mayaka,

Nakuandikia nikiwa na saumu, kwa hiyo sina nguvu ya kupiga chenga.

Nimefungua tena daftari langu. Tangu nianze kuandika, wanafunzi saba wamekuja kwetu kutoka Kiribanga. Nakunakilia, namba ya kwanza ni ya ripoti yako, ya pili ni waliyopata kwetu kwenye masomo hayo hayo: 52 akapata 62. 49 akapata 60. 58 akapata 67. 55 akapata 65. 51 akapata 61. 60 akapata 70. 47 akapata 58.

Wa shule nyingine, Mwalimu, hushuka. Anakuja na sabini na mbili anaambulia sitini na moja, analia ofisini kwangu, namnunulia soda. Wako hupanda. Si hivyo tu, hupanda ngazi ile ile.

Mimi nilikulia nyuma ya kaunta, duka la baba yangu Farah, hapa mjini. Kuna mwaka wateja walianza kunung'unika kuhusu sukari. Baba akapima upya akakuta mizani inakula gramu zile zile kila kilo, asubuhi na jioni. Akaniambia, mkono wa mtu ukitetemeka leo utapunguza na kesho utazidisha, lakini kinachopunguza sawasawa kila siku kimetengenezwa hivyo. Mtu mmoja akipanda kumi nasema ni bidii yake. Saba wakipanda kumi nauliza mizani.

Kumi zinakwenda wapi, Mwalimu?

Siwezi kuingia kwenye kamati na mashaka yangu. Mwenyekiti ni Mzee Nyamongo, na kwake kisicho na muhuri hakipo. Kama kuna jambo, liandike. Kama hakuna, nitanyamaza, na zile nafasi mbili zitakwenda kwa vijana wawili wenye sitini na tatu kutoka shule ambayo, nikifungua daftari langu, hugawa alama kama njugu kwenye harusi.

Una wiki moja.

Sainab


Homa Bay
Jumamosi, 16 Machi 2024

Mwalimu,

Asante kwa barua. Nilienda ofisini nikaonyeshwa muhuri wako. Msajili aliniangalia kwa huruma, nikaelewa.

Basi nadhani nitarudi. Kaka yangu Ryoba alinipigia jana. Bado yuko kule machimboni, anaponda mawe ya dhahabu. Aliniambia, "Robi, wachana na hiyo maneno ya chuo. Rudi home, kuna mama anataka mtu wa kumpikia hoteli hapa site. Sisi si watu wa mavitabu." Nilimjibu kwamba mimi angalau nilimaliza. Akacheka, akasema, "Ni kweli, wewe ulikuwa hamsini. Mimi nilikuwa thelathini na saba."

Hujui jambo hili, nakuambia sasa kwa sababu haliumizi tena. Ryoba hakuacha shule kwa sababu ya karo. Baba alikuwa amekwishauza ng'ombe. Aliacha siku uliporudisha karatasi za Kemia, Kidato cha Tatu, muhula wa kwanza. Alikuwa amesoma wiki tatu mfululizo, hata mpira aliacha. Alisema kama nitasoma hivi na nisifike arobaini ya kupita, basi kichwa changu si cha shule. Akakunja ile karatasi, na Jumatatu akaenda machimboni. Miaka minne imepita. Mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza, na nikaapa sitapata thelathini na kitu hata siku moja. Kwa hiyo kwa njia fulani alama zako zilinisaidia.

Nitasubiri hadi Ijumaa ili nisiseme sikusubiri. Halafu narudi.

Robi


Kiribanga, Migori
Jumanne, 19 Machi 2024

Bi. Sainab,

Nimeandika barua hii mara nne. Nyingine tatu nilizipa alama nikaona zimeanguka zote.

Kumi zinakwenda kwangu. Ni mimi ninayezitoa.

Nilianza mwaka wangu wa saba wa kufundisha. Nilikuwa na kijana niliyempa themanini na tatu, na nilikuwa namsifu mbele ya wazazi wake hadi akaamini amefika. Akaacha kufungua kitabu. Mtihani wa taifa akapata D. Baba yake alikuja shuleni na ile ripoti yangu mkononi, akaiweka mezani, akaondoka. Tangu siku hiyo nikaamua hakuna mtoto wangu atakayevimba kichwa. Nasahihisha kwa haki, najumlisha, naandika alama ya kweli kwa penseli kwenye kitabu changu, halafu natoa kumi na kuandika kwa kalamu kwenye karatasi na kwenye ripoti. Kila mtoto, kila mtihani, miaka kumi na tisa. Sikumpendelea wala kumwonea mtu. Nilijiambia nawapa sababu ya kukimbia.

Kwenye barua ya kwanza niliandika kwamba sijawahi kumwongezea mtu alama asiyostahili. Ilikuwa kweli, na niliiandika nikijua unauliza kitu kingine. Nakuomba radhi.

Hesabu yangu haikuwa na nafasi ya mtoto ambaye alama mbaya haimkimbizi mbele bali inamfukuza. Juzi nimeambiwa kuhusu mmoja. Nilikwenda kwenye kabati nikafungua kitabu cha mwaka huo. Kwa kalamu, thelathini na saba. Kwa penseli, arobaini na saba. Alipita, Bi. Sainab. Alipita na alama saba juu, mimi nikamwandikia ameanguka. Nilikaa kwenye kile chumba cha walimu mpaka bwana wa funguo akaja kuniuliza kama naumwa. Naumwa.

Vitabu vyangu vyote kumi na tisa vimo kwenye boksi hili, nimelituma kwa gari la saa nne. Penseli imefifia kidogo lakini inasomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Wastani wa kweli wa Robi Marwa ni sitini na sita. Nimeweka sahihi kila ukurasa wake. Mwalimu mkuu nimemwambia mwenyewe asubuhi hii, asije akasikia kutoka Homa Bay. Muhuri ni wake, sahihi ni yangu, aibu ni yangu pia.

Ukiweza, msichana asirudi nyumbani kabla ya Ijumaa.

Mayaka


Chuo cha Maabara, Homa Bay
Ijumaa, 22 Machi 2024

Mwalimu Mayaka,

Nimetoka kwenye kikao saa kumi na nusu, sauti imekauka, na futari bado.

Kwanza habari: Robi ameingia. Sasa keti nikueleze.

Nilipoweka boksi lako mezani Mzee Nyamongo alivaa miwani, akainamisha kitabu kwenye dirisha, akasoma kurasa kumi. Halafu akasema, "Huyu mwalimu ni mgonjwa." Nikasema ndiyo, lakini ni mgonjwa anayeweka rekodi nzuri. Akasema saba ni watu wachache, huwezi kujenga nyumba juu ya watu saba. Hapo alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Akasema mtihani wa taifa ndio pekee ambao wote wanaufanya kwa saa ile ile na maswali yale yale. Ripoti za shule kila mwalimu ana wazimu wake. Nikamwambia, Mzee, wazimu wa huyu una kipimo. Ukijua mizani inakula gramu ngapi, unarudisha gramu hizo na unapata uzito. Lakini mtoto aliyeketi siku moja na bureti ya kugombania, hizo gramu zake utazirudisha vipi?

Walicheka. Wakicheka najua nimeshinda nusu.

Nusu nyingine ilinigharimu. Wamempa nafasi kwa sharti. Robi ataingia Mei kwa muhula mmoja wa majaribio. Agosti akiwa na chini ya sitini kwenye Kemia, karatasi ya vitendo ikiwemo, anaondoka, na mimi sileti tena daftari langu kwenye kikao. Mzee Nyamongo alisema hivyo mbele ya wote. Kwa hiyo sasa tuko wawili tunaomtegemea msichana mmoja.

Nimemwambia ameingia. Sikumwambia kwa nini. Hiyo si kazi ya msajili. Utamwandikia wewe, Mwalimu, na utaandika kwa kalamu.

Sainab


Kiribanga, Migori
Jumatatu, 25 Machi 2024

Robi,

Hongera kwa nafasi. Hukuipata kwa huruma ya mtu.

Nilikuwa nakukata alama kumi kwenye kila mtihani, miaka minne. Niliwakata wote. Wastani wako ni 66. Mtihani wako wa mwisho wa Kemia, niliokuandikia 61, ulipata 71.

Ryoba alipata 47.

Sina maelezo yatakayokutosha na sitayatafuta.

Mayaka


Homa Bay
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mwalimu,

Nimesoma barua yako kila siku kwa siku tano ili niwe na uhakika kwamba hasira yangu si ya siku moja.

Nina hasira. Sikuwahi kuthubutu kukuandikia hivyo. Unajua ni mara ngapi nilijiona mjinga? Nilikuwa wa kwanza kati ya wajinga, ndivyo nilivyojihesabu. Nilipojaza fomu za vyuo niliacha uuguzi, niliacha famasia, nikasema hivyo ni vya watu wa sabini. Kumbe mimi nilikuwa mtu wa sabini na moja! Ulinifundisha kwamba namba haisemi uongo. Namba haikusema uongo, ni wewe.

Na Ryoba. Sitamwambia mimi. Uende wewe. Huko hakuna simu ya kukuokoa, itabidi usimame mbele yake na umsikie.

Nitaingia darasani tarehe 6 Mei. Usiniandikie tafadhali mpaka niandike mimi.

Robi Marwa


Chuo cha Maabara, Homa Bay
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mwalimu Mayaka,

Hujaniuliza, na najua unakufa kwa kutouliza, kwa hiyo nakuambia.

Jaribio lake la kwanza la vitendo alipata 44. Nilimwita ofisini, nikatayarisha soda na maneno. Akaingia, akakataa soda, akauliza: "Madam, hii 44 ni yote? Hakuna kilichotolewa?" Nikamwambia ni yote. Akasema, "Basi sawa. Sasa najua nilipo." Akaomba ufunguo wa maabara kwa saa za chakula cha mchana.

Tangu siku hiyo, saa saba hadi saa nane, yuko pale na bureti ambayo hakuna anayemgojea aiache. Fundi wa maabara, mama mmoja Mjaluo ambaye huwa hasifu hata mvua, aliniambia wiki jana, "Nyathini tek." Mtoto huyu ni mgumu. Jaribio la pili amepata 59.

Bado moja kufika sitini, Mwalimu, na mtihani ni Agosti. Sikuambii ili ulale vizuri. Mimi mwenyewe silali.

Vipi huko kwako? Walikufanya nini?

Sainab


Kiribanga, Migori
Jumapili, 30 Juni 2024

Bi. Sainab,

Asante. Niliisoma nimesimama kwenye ofisi ya mizigo, watu wakinisukuma.

Hapa wameninyang'anya idara ya mitihani. Alama zangu sasa hupitia kwa mwalimu kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu, na ninyi mtacheka mkisikia kwamba huzipitia mara mbili. Bodi imenipa barua ya onyo. Wazazi wengine walikuja wakanitukana, na wengine walikuja wakaniuliza kwa sauti ya chini, mtoto wangu alikuwa ngapi? Kwa hiyo sasa Jumapili ndiyo kazi yangu. Nina orodha ya watu mia saba na kumi na mbili kutoka kwenye vitabu vile ulivyonirudishia. Naandikia kila mmoja ambaye najua aliko. Nimefika wa tisini na sita. Baadhi wamejibu kwa matusi. Mmoja, ana watoto watatu na anauza mahindi Isebania, amejibu kwamba barua yangu ameitia fremu.

Machimboni nilikwenda wiki ya pili ya Aprili. Hayo atayasema mwenyewe akitaka.

Mayaka


Homa Bay
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Mwalimu Mayaka,

Shikamoo. Sasa naandika mimi.

Ryoba alifika hapa Jumamosi. Alinieleza ulivyofika machimboni na viatu vyako vya ibada, ukauliza kila shimo mpaka ukampata, na mashine za kusaga mawe zikipiga kelele. Anasema ulisema jambo lako, yeye akapiga kelele, "Nini?" nawe ukapiga kelele, "Nini?" na watu wote wakaacha kazi kuwaangalia viziwi wawili. Halafu ukatoa kipande cha karatasi ukaandika 47, ukampa. Anasema hakukusamehe siku ile. Anasema alikufukuza. Lakini karatasi hakuitupa. Amejiandikisha darasa la watu wazima Migori, la jioni baada ya kazi, na alikuja hapa na kitabu cha Kemia cha Kidato cha Tatu kuniuliza kuhusu hesabu za moli. Nilimfundisha siku mbili. Kichwa chake ni chepesi kuliko changu, Mwalimu. Sikusema hivyo kumfurahisha.

Hasira yangu haijaisha yote. Nadhani itabaki kidogo na nimeamua ibaki, lakini haijai tena mdomoni.

Sasa nikuambie ya leo. Matokeo yalibandikwa saa nne asubuhi, ubao wa nje ya ofisi ya msajili. Madam Sainab alikuwa amesimama mlangoni amejifanya anasoma simu, na simu ilikuwa juu chini. Mzee Nyamongo mwenyewe alikuja, akasimama nyuma yetu na miwani yake. Watu thelathini wakisukumana, kila mmoja anatafuta jina lake, na mimi sikuweza kusogea. Nilibaki nyuma kabisa. Ni fundi wa maabara aliyenishika mkono akanivuta mpaka mbele.

Nilianza kusoma kutoka chini kwa sababu huko ndiko nilikozoea kuogopa. Sikuwa huko. Nikapanda. Sikuwa katikati. Nikafika mstari wa juu kabisa, nikasoma jina la mtu, na jina lilikuwa langu. Kemia, nadharia na vitendo pamoja, wa kwanza kati ya thelathini. Madam Sainab alipiga kigelegele pale mlangoni, msajili mzima, na hijabu ikamteleza. Mzee Nyamongo alisogea karibu na ubao, akaigusa ile namba kwa kidole kama anapima iwapo wino umekauka, akamgeukia akasema, "Haya. Lete hilo daftari lako kwenye kikao." Dada Susana aliacha ndoo yake hospitalini akaja mbio, tukashikana tukalia katikati ya uwanja bila haya.

Lakini kabla ya hayo yote, Mwalimu, kulikuwa na dakika moja ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesoma namba yangu na sikufurahi bado. Nilisimama tu. Nilikuwa nasubiri mtu aje aipunguze. Nikasubiri, nikasubiri, na hakuja mtu.

Nilipata themanini na moja. Zote ni zangu.

Robi Marwa